Bati la Idi

Katika ukoo wetu Idi haikamiliki bila bati. Baada ya swala, kabla pilau haijapakuliwa, mkubwa wa nyumba hukata kipande cha bati kipana kama kiganja, hukiweka juu ya jiko la mkaa, huhesabu kwa sauti hadi ishirini, kisha hukitoa kwa koleo na kumpa mtoto wa kwanza kwenye mstari. Mtoto hukishika kiganjani huku wenzake wakihesabu. Akishindwa hukitupa kwenye beseni la maji, na bati hupashwa tena kwa ajili ya anayefuata. Anayeshika muda mrefu kuliko wote hukaa kulia kwa mkubwa wa nyumba wakati wa kula, na siku nzima huitwa fundi, hata kama ana miaka mitano.

Sisi ni mafundi bati tangu babu yangu alipokuja Mwanza kutoka Tabora, wakati reli ilipofika ziwani. Tumetengeneza taa, karai, ndoo, vipimo vya mafuta, na sasa majiko. Bati la Idi lilianzishwa na babu huyo kuchagua nani apewe nyundo. Nilipokuwa kijana, aliyelishika bati kuliko wote alikuwa mtu mzima, baba yangu mdogo, Muharami. Yeye hakuwa mtoto wa kushindana, lakini watoto wakimaliza tulimwomba atuonyeshe. Alilishika bati huku akisimulia habari nyingine kabisa. Mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole vitatu vifupi, vilivyopinda. Tulisema kazi imemla vidole. Tulisema kwa fahari. Nililala chumba kimoja naye tangu nikiwa mdogo mpaka nilipooa, na hata baada ya hapo tulifanya kazi benchi moja, kichwa kwa kichwa, mpaka alipofariki.

Mimi ni Lukman. Mwaka huu nimetimiza miaka sabini na mbili. Darasa la kwanza nililianza nikiwa na miaka ishirini na miwili, jioni, baada ya kazi, pamoja na wazee na kina mama waliobeba watoto mgongoni. Wengine waliishia kuandika majina yao. Mimi niliendelea mpaka darasa la saba, na baada ya hapo nikasoma mwenyewe. Kuna watu hapa Pasiansi ambao mpaka leo huniletea barua za mahakama na karatasi za hospitali niwasomee na kuwaeleza maana yake. Nayataja haya kwa sababu nikisema sikuelewa, nitakuwa mwongo.

Nilipofika miaka sitini na kidogo, nami nilianza kulishika bati bila kuumia. Nililiweka upande wa kidole kidogo, pale kiganja kinapoishia, likatulia. Ndugu zangu walishangilia. Walisema mkono wa Muharami umenishukia. Nami niliamini, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Mke wangu alifariki mwaka 2017. Binti yangu mkubwa, Zakia, alikuwa ameachika na kurudi nyumbani na mtoto wake Nasma, wa miaka minne. Binti yangu mdogo, Najat, alikuwa bado yupo nyumbani pia. Zakia alisema baba asilale peke yake, atawaza sana, akamleta Nasma na godoro lake chumbani kwangu. Nilimfundisha kusoma kabla hajaanza shule. Tulikaa kitandani, kitabu kimoja katikati, yeye akisoma neno na mimi nikisoma neno, mashavu yakigusana kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kuchoka na hatukutaka kupokezana kitabu. Tulifanya hivyo kila siku kwa miaka minne. Alipokosea nilikohoa. Nilipokosea mimi alikohoa yeye, tena kwa nguvu, na kusema, "Mwanafunzi wa jioni, rudia!"

*

Kila Alhamisi nilipeleka majiko njiapanda ya Usagara. Nilikuwa na namna yangu ya kuuza. Niliwasha jiko moja, mkaa ukakolea, kisha nikalinyanyua kwa mkono mtupu na kuwazungushia wateja walione.

Mwaka 2021, siku moja ya Alhamisi, mama mmoja muuza nyanya aliniambia, "Mzee, hilo jiko umeliwasha kweli au unatuchezea sinema?"

"Njoo ulishike wewe."

"Thubutu! Nina watoto wa kuosha. Mwite mume wangu, yeye mikono yake haina kazi."

Watu walicheka. Mwanamke mmoja hakucheka. Alikuwa amevaa sare ya wauguzi chini ya sweta, na alikuwa akitazama mkono wangu.

"Baba, shikamoo. Naomba niuone mkono."

"Marahaba. Unanunua jiko au unanunua mkono?"

"Mkono kwanza."

Aliugeuza. Upande wa kidole kidogo palikuwa na kidonda ambacho kilikuwa na miezi mitatu bila kupona. Alitoa kalamu mfukoni. "Tazama kule barabarani. Nikikugusa sema."

Nilitazama barabarani. Nilisubiri. "Mbona hugusi?" nikamuuliza.

"Nimegusa mara sita," alisema.

Aliitwa Bernadeta. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya jirani, na ndiye aliyeshughulikia kifua kikuu na ukoma. Alinipeleka huko, akanipima masikio, viwiko, mgongo, akanionyesha kwa kioo mabaka mgongoni ambayo sikujua kuwa ninayo. Kisha akafunga mlango.

"Ni ukoma, baba."

"Ukoma ulikwisha zamani."

"Ungekwisha nisingekuwa na kazi. Unatibika. Dawa ni bure, miezi kumi na miwili, na utapona kabisa. Lakini haujaisha." Alivuta kiti karibu. "Ugonjwa huu hauji kwa kupeana mkono njiani. Huenda kwa pumzi, kwa watu wanaokaa pamoja muda mrefu, nyumba moja, chumba kimoja. Nani kwenu alikuwa na mikono iliyopinda? Vidole vilivyopungua?"

Nilimwona baba mdogo Muharami akilishika bati huku sote tukipiga makofi.

"Hakuna," nikasema.

"Unaishi na nani?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Nakumbuka kila kitu kilichokuwa juu ya meza ile: daftari kubwa, kalamu mbili, chupa ya maji, kikopo chenye pamba. Bernadeta alinieleza bila kuulizwa kwamba angependa kuwaona watu wote wa nyumbani kwangu. Angewapima ngozi. Asiye na ugonjwa angempa dozi moja ya kinga, mara moja tu, aimeze mbele yake. "Haizuii kwa wote," alisema, "lakini inapunguza sana. Na yule ambaye umeshaanza kwake, nitamwona mapema kabla haujamla."

Nilifikiria watu wanaoniletea barua zao. Nilifikiria majiko yangu; nani angepikia watoto wake kwenye jiko la mkoma? Nilimfikiria Najat ambaye hakuwa ameolewa.

"Naishi peke yangu," nikasema. "Mke wangu alifariki."

"Pole, baba. Hata mjukuu?"

"Wako mbali."

Aliandika. Alisema siku moja angekuja kunitembelea, nami nikamwambia nyumba yangu huwa imefungwa kwa kuwa nasafiri na kazi. Akanipa kijitabu. "Nikusomee?"

"Najua kusoma," nilimjibu, na sauti yangu ilikuwa kali.

Nilikisoma kwenye gari wakati wa kurudi. Kiliandikwa kwa Kiswahili safi. Kilisema mgonjwa akishaanza dawa haambukizi tena baada ya muda mfupi. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu na moyo wangu ukatulia. Ukurasa uliofuata ulisema kwamba waliokaa naye kabla ya dawa wachunguzwe kila mwaka, kwa sababu ugonjwa unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuonekana. Huo pia niliusoma.

Nilimeza dawa mwaka mzima. Pakiti nilizificha kwenye sanduku la madaftari yangu ya shule. Ngozi yangu ikawa nyeusi kwa sababu ya dawa, na Zakia akasema ni jua la Usagara, kwa nini nisipumzike. Nilimwambia Nasma amekuwa mkubwa sasa, ahamie chumba cha mama yake. Alilia siku mbili. Alidhani amenikosea.

Mwaka uliofuata Bernadeta alinipa cheti kwamba nimemaliza. "Hongera, baba. Ungekuwa na watu nyumbani ningewaambia wakupigie vigelegele."

*

Idi ya mfungo wa mwaka 2024 walikuja wajukuu kumi na mmoja. Niliweka bati jikoni na kuhesabu ishirini. Wa kwanza alifika sita. Wa pili alifika tisa akatupa bati nje ya beseni, nusura limpige paka. Mmoja alifika kumi na nne, akawa anatembea kwa maringo uani.

Nasma alikuwa wa mwisho, miaka kumi na mmoja, gauni jipya la kijani. Alilipokea bati, akakunja uso, kisha nikaona akilisogeza taratibu mpaka upande wa kidole kidogo. Uso ukakunjuka.

"Kumi na tano! Kumi na sita!"

"Anadanganya huyo! Bati limepoa!" alisema yule aliyefika kumi na nne, akalitia kidole. "Mamaaa!" Akakikimbiza kidole kwenye beseni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Thelathini! Thelathini na moja!"

"Babu, mpaka ngapi?" Nasma aliniuliza. "Mimi nina njaa."

Najat alipiga vigelegele. Zakia alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Jamani mwanangu! Mkono wa babu yake huo!" Alikuja akambusu utosini. Wote walinitazama mimi niseme neno.

Nilisema, "Inatosha. Leteni chakula."

Alikaa kulia kwangu. Alikula kwa mkono ule ule na kupiga porojo. 

Kesho yake kiganja kilikuwa na lengelenge kubwa kama sarafu. Haliumi, alisema, na kunionyesha jinsi anavyoweza kulibonyeza. Nilimwita kwenye karakana, nikachukua pamba, nikamwambia tucheze. Fumba macho, nikikugusa niambie ni wapi.

"Kidole gumba. Cha katikati. Hapo ni kwenye shavu, babu, huo uongo! Kidole gumba tena."

Kisha akanyamaza. Alibaki amefumba macho, anatabasamu, amenyoosha mkono.

"Babu, mbona umeacha?"

Sikuwa nimeacha.

Nilimpandisha mkono wa gauni. Karibu na kiwiko palikuwa na baka, jeupe kidogo kuliko ngozi yake. "Choa tu," alisema. "Mama ananipaka dawa kila siku."

Sasa nieleze nilichofanya baada ya hapo, kwa sababu ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Wiki tatu kabla ya Idi watu wa Kirumba walikuwa wameleta posa ya Najat. Mchumba aliitwa Salehe, kijana mtulivu, familia ya wafanyabiashara wa vitambaa wanaojulikana mji mzima. Tulikuwa tumekubaliana harusi iwe Desemba. Nilijiambia: nikisema leo, posa itavunjika, na Najat atabaki binti wa mkoma. Nikingoja, Najat ataingia kwake salama, kisha nitampeleka Nasma akatibiwe. Miezi michache. Mimi mwenyewe nilikaa na ugonjwa huu miaka na bado natumia nyundo.

Mwezi wa sita nilishindwa kuvumilia nikaenda Usagara. Nilifika mpaka dirisha la zahanati. Bernadeta alikuwa ndani akimpima mtoto mchanga, anamwimbia. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: nilikudanganya, nina mjukuu. Nilisimama mpaka akainua kichwa, nikageuka kabla hajaniona. Nyumbani nilisema majiko hayakupata wateja.

Nasma alianza kuangusha vitu. Kikombe. Kibuyu cha maziwa ya mgando tulicholetewa na jirani yetu Kija. "Ukivunja kingine," Najat alimwambia, "nitakubeba kwenye harusi yangu uwe zawadi, ukanioshee vyombo huko." Wakacheka wote wawili. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake kwamba mwandiko umeharibika, mtoto aongeze bidii. Nasma alinipa mimi nilisome, maana mimi ndiye niliyesaini madaftari yake tangu darasa la kwanza. Nilisaini.

*

Siku ya hina, Desemba, nyumba ilijaa wanawake. Mimi nilikuwa karakana nyuma ya nyumba, namalizia masinia. Sauti zilinifikia vizuri kupitia dirisha. Mchora hina alimaliza miguu ya Najat, kisha wasichana wadogo wakapanga mstari.

"Nyoosha vidole, mtoto mzuri," nilimsikia mchoraji.

"Nimenyoosha," Nasma akajibu.

"Hiki cha mwisho nacho. Kinyooshe. Au kimechoka kabla ya harusi?"

Wanawake wakacheka.

"Nimekinyoosha," Nasma alirudia, safari hii kwa sauti ndogo.

Kicheko kiliisha. Baada ya muda mlango wa karakana ulifunguliwa. Zakia alikuwa amemshika Nasma kifundo cha mkono, hina mbichi bado inang'aa. Aliulaza mkono ule juu ya benchi.

"Baba, weka wako hapa."

"Zakia, kuna wageni."

"Weka mkono wako hapa."

Niliuweka. Mkono wangu ulikuwa mkubwa, mweusi, una makovu, na wa Nasma ulikuwa na maua ya hina. Kidole kidogo na cha pete, kwake na kwangu, vilikuwa vimepinda namna moja, kama vimefinyangwa na mtu mmoja. Zakia alivitazama muda mrefu. Nje wanawake walianza kuimba tena.

"Hii si kazi," alisema. "Huyu hajawahi kushika nyundo. Hii ni nini, baba?"

Nikamwambia. Nilisema jina la ugonjwa, nikasema kuhusu Usagara na sanduku la madaftari. Niliyoyasema niliyasema kwa mpangilio, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Nasma alikuwa akipuliza hina ikauke. Aliposikia jina la ugonjwa aliacha kupuliza.

"Kesho asubuhi," Zakia alisema.

"Kesho ni nikaha."

"Nikaha ni baada ya alasiri. Na harusi ina watu wengi. Hakuna atakayeona kuwa watatu hatupo."

*

Bernadeta alinijua kabla sijafika mlangoni. Alimtazama Zakia, akamtazama mtoto mwenye hina, akanirudia mimi.

"Mzee Lukman. Uliniambia unaishi peke yako."

Zakia aligeuka akanitazama. Sehemu hiyo sikuwa nimemwambia.

Bernadeta hakuongeza neno juu yangu. Alimketisha Nasma, akamsifia hina, akampima kwa pamba na kwa kalamu, akabonyeza nyuma ya kiwiko, mahali ambapo mshipa wa fahamu unapita. "Hapa panauma?" Nasma aliitikia kwa kichwa. "Mkono umekufa ganzi tangu lini?"

Zakia alisema, "Sisi tumeona jana."

"Tangu Idi," nikasema mimi.

"Idi ipi?" Zakia aliuliza.

"Ya mfungo."

Alihesabu kwa vidole, polepole, kama mtoto. Aprili, Mei, Juni. Alipofika wa nane akafumba mkono.

Bernadeta alieleza kwa upole, akimtazama Nasma mwenyewe. Ugonjwa utapona kabisa, hilo asiwe na shaka nalo. Shuleni atakwenda kama kawaida, hamwambukizi mtu. Kuhusu mkono, mshipa ukianza kuumia, wakiwahi ndani ya miezi sita, kuna vidonge vinavyoweza kuurudisha. "Tumepita kidogo. Tutavitumia hata hivyo. Na mazoezi kila siku."

"Kitanyooka?" Nasma aliuliza.

"Sijui, mama."

"Nina mtihani mwakani."

"Utaufanya. Utaandika."

"Kama zamani?"

Bernadeta alimshika mkono wa hina kwa mikono yake yote miwili. "Sitakudanganya," alisema.

Zakia aliuliza swali moja tu. "Mwaka ule, kama angesema tupo, mngefanya nini?"

"Ningewapima. Kama mtoto alikuwa mzima, angemeza dawa ya kinga mara moja. Kwa uzito wake wa wakati ule, kidonge kimoja. Sisemi kingezuia, dada. Hakuna anayejua. Lakini ningekuwa namwona kila mwaka."

Tulirudi Pasiansi. Baada ya alasiri nilivaa kanzu, nikamwozesha Najat, sauti yangu haikutetemeka. Watu walinipongeza kwa kulea.

*

Bernadeta aliniagiza niandike majina ya wote waliokaa nyumbani kwangu au kuja mara kwa mara. Niliandika majina ishirini na matatu. Ilinibidi niende kwa kila mmoja na kusema kwa mdomo wangu, maana Zakia alikataa kunisemea. Nilianza na mlango niliouogopa kuliko yote, nyumba ya kina Salehe, Kirumba, kwa kuwa Najat alikuwa tayari yuko kule.

Walinikaribisha sebuleni. Mama yake Salehe, mwanamke mnene mcheshi, aliagiza chai na sambusa. Nilikataa chai. Nilisema maneno niliyoyaandaa. Najat aliziba uso kwa ushungi.

Mama yake Salehe alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Ni hilo tu?"

"Ni hilo."

"Mkwe wangu, umenitisha, nilidhani umekuja kumrudisha binti yako kwako! Mama yangu mzazi alitibiwa hilo, tukiwa bado Ukerewe. Akapona, akanilelea watoto wote hawa, na huyu Salehe ndiye aliyemdekeza zaidi. Dawa iko wapi?"

Bernadeta alikuja kesho yake na mizani na kasha lake. Aliwapima wote. Baba yake Salehe, Salehe, Najat, mama mtu, walipanga mstari wakitaniana nani atapaliwa na kidonge. Walimeza kwa chai. Ilichukua muda mfupi kuliko kupakua chakula. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama yake Salehe aliponisindikiza alisema, bila ubaya wowote, "Ungesema siku ile ya posa, mkwe, tungeenda wote pamoja. Na mtoto angewahi."

*

Imepita Idi nyingine. Sikukata bati, na hakuna aliyeuliza. Nasma amemaliza vidonge vya mshipa na anaendelea na vile vya ugonjwa. Baka karibu na kiwiko limefifia. Vidole viwili havijanyooka. Kila jioni hukaa uani, huloweka mkono kwenye maji, huupaka mafuta, huulaza juu ya paja na kuvisukuma vidole kwa mkono mwingine, mara thelathini, akihesabu kimoyomoyo. Ameanza kuandika kwa kushoto. Anaandika polepole na mistari inapanda.

Jumapili iliyopita Zakia alikuwa ametoka. Nilichukua kiti nikaenda kukaa karibu naye. Alisogeza beseni kunipisha. Nilimwambia ninaweza kumsaidia kuvisukuma. Alisema asante, anaweza mwenyewe.

Alipofika ishirini na kitu alisimama.

"Babu, kile kidonge kilikuwa kimoja tu?"

"Kimoja."

"Nilikuwa na miaka minane."

"Ndiyo."

"Nilikuwa naweza kumeza vidonge. Nilimeza vya malaria bila kulia. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

 Nilidhani ataniuliza kwa nini, na jibu nilikuwa nalo, nimeliandaa kwa miezi. Hakuuliza. Alimalizia hesabu yake mpaka thelathini, akamwaga maji kwenye mchicha, akakausha mkono kwa pindo la kanga ya mama yake iliyokuwa kwenye kamba, akaingia ndani.

Hajanitukana, wala hakuna siku aliyonikatalia jambo. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule hupita mlangoni kwangu na kuniamkia, shikamoo babu, kwa adabu zote. Nami huitikia, marahaba. Husubiri kidogo aone kama nina la kumwagiza, na nikiwa sina huenda zake.